Kufunga dashibodi ya kidijitali kwenye Corolla KE70, waya kwa waya

KE70 bado zipo barabarani na ile injini ya 4K haichoki, kinachotangulia kufa ni saa za dashibodi. Kebo ya spidi inakatika, saa ya mafuta inaganda kwenye robo, alafu mtu anaona zile dashibodi za kioo anatamani. Mimi ni fundi umeme wa magari, hizi nimeshafunga za kutosha, na wengi wanakwama palepale: wanaanza kuchonga plastiki kioo kikae vizuri kabla hawajajua gari inatuma nini. Kile kioo chenyewe hakipimi kitu, kinaonyesha tu kinacholetewa na waya.

Tuanze na kununua. Usichukue saa za gari ya kisasa ukidhani shida itakuwa plagi tu. Zile zinaongea na kompyuta ya injini kwa waya mbili za data, na KE70 ya kabureta haina kompyuta ya kuongea nayo. Tafuta ile ya kufunga gari yoyote, yenye waya wake kwa kila kazi, na iwe na menyu ya kuchagua idadi ya silinda, pulsi za spidi (mapigo ya umeme) kwa kilomita na aina ya floti ya tanki, yaani boya linalopima mafuta. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hiyo menyu, achana nayo.

Ukifika nyumbani iwashe kwanza mezani na betri. Waya wa moto wa moja kwa moja, waya wa swichi, negativu, na fyuzi ndogo katikati. Iache iwake nusu saa, zima, washa tena uone kama imekumbuka ulichoset.

Sasa gari. Toa temino ya negativu, fungua saa za zamani, chomoa kebo ya spidi kwa nyuma, piga picha plagi. Alafu rudisha temino na tambua kila waya kwa mita ya umeme. Usiamini rangi kabisa, gari ya miaka 40 imepita kwa mafundi wengi, mimi nilikuta waya wa indiketa umeungwa kwa kipande cha waya wa spika umezungushiwa nailoni. Kila waya ukiujua ubandike tepu uandike kazi yake.

Hapo angalia pia upande unaokatwa na swichi, wa moto au wa negativu. Taa ya oili na ya hendibreki swichi zake zinaleta negativu, indiketa zinaleta moto. Taa kubwa ndo inachanganya watu, maana Toyota nyingi za zamani swichi inakata upande wa negativu, kwa hiyo ile taa ya bluu ukiifunga kama umezoea gari nyingine haitawaka au itawaka muda wote. Pima, usikisie.

Spidi ndo kazi yenyewe. KE70 inatumia kebo, kioo kinataka pulsi, kwa hiyo unafunga sensa pale kebo inapoingia kwenye gia boksi. Kwa kiwango cha Kijapani kebo inazunguka mara 637 kwa kilomita moja, na sensa nyingi za kufunga hapo zinatoa pulsi 4 kila mzunguko, so unaandika 2548 kwenye menyu. Kama umebadilisha tairi hiyo namba haitoshi. Ukitoka 155/80 R13 ukaenda 185/70 R14 gurudumu limekua kama asilimia 6, saa ikisema 60 wewe uko karibu 64. Hakikisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, mtu mwingine ndo asome simu sio wewe.

Mizunguko ya injini unachukua negativu ya koili. Silinda 4 inatoa pulsi 2 kila mzunguko, kwa hiyo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, na kioo kinaonyesha 1500 wakati sikio linakwambia ni 750, rudi kwenye menyu ya silinda. Namba zikirukaruka, huo waya umepita karibu na waya za plagi, upitishe mbali.

Mafuta. Floti ya Toyota za zamani inasoma ukinzani wa umeme kama omu 110 tanki likiwa tupu na omu 3 likijaa. Kioo kikiwa kimesetiwa 10 mpaka 180 ambayo 180 ndo full, kitasoma kinyume, umetoka kujaza sheli kinakwambia huna mafuta. Kama menyu haina ya kwako funga floti iliyokuja na kioo, na usiache saa ya zamani kwenye waya huohuo, zote mbili zitadanganya.

Temperecha tumia sensa iliyokuja na kioo. Ni ya waya mmoja, negativu inaipata kwenye chuma cha injini, kwa hiyo ukiizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba nyingi, negativu inakatika na kioo kinakuonyesha injini ya baridi huku inachemka. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, bodi yake umeipa negativu kwa waya. Dar isome nyuzi 100 hivi, ila ukiwa Mbeya au Nairobi maji yanachemka kwenye 94 kwa sababu ya mwinuko, usiseme sensa mbovu.

Na hapa naomba usikilize vizuri. Kuna altaneta (zile za kuchaji betri) zinazoamshwa na ule umeme mdogo unaopita kwenye balbu ya chaji. Dashibodi ya kidijitali inatumia LED, umeme unaopita pale ni kidogo mno, altaneta inalala. Niliwahi kumfungia mteja gari ya Kijerumani, kila kitu kikawaka safi, siku ya tatu akarudi anavutwa kwa kamba, betri imekauka, na taa ya chaji haikumwonya. Nilifunga balbu ya wati 3 sambamba na ile LED, nikaificha nyuma ya dashibodi, ikaanza kuchaji palepale. Tangu siku hiyo sitoi gari gereji bila kuweka mita kwenye betri injini ikiwaka: nikiona volti 13.8 mpaka 14.4 inaondoka, nikiona 12.4 inabaki.

Viungo vyote choma risasi na vivishe mpira wa kusinyaa, kusokota na tepu kwenye joto la dashibodi hakudumu.

Kilomita za zamani ziandike na tarehe kwenye karatasi uzitunze na kadi ya gari, na kama kioo kinakubali ziingize, maana atakayeinunua ana haki ya kujua imetembea kiasi gani. Alafu endesha wiki nzima dashibodi ikiwa imeshikiliwa na skrubu mbili tu, mchana na usiku, kwenye vumbi na mashimo. Kiungo kilicholegea kitajionyesha hapo, na bado hujafunga skrubu zote kumi.