Mtoto mwenye CAH: kumpa dawa za homoni nyumbani

Hii ni ya wazazi wa Mombasa wenye mtoto huntha ambaye daktari kasema ana CAH (congenital adrenal hyperplasia), ugonjwa wa tezi ambao mtoto huzaliwa nao. Tezi zilizo juu ya figo zashindwa kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi, kwa wengi hata ile homoni ya kushika chumvi mwilini, halafu homoni za kiume zazidi, ndo mana msichana huweza kuzaliwa na maumbile yasoeleweka. Watu wote wakodolea umbile, na upasuaji wa umbile hauna haraka hiyo jamani, kinachoua ni kukosa dawa, mtoto wa wiki 2 au 3 aanza kutapika, hanyonyi, alegea.

Dawa kuu ni haidrokotisoni, steroidi inayoshika nafasi ya kotisoli, kawaida mara 3 kwa siku, na anayepoteza chumvi huongezewa fludrokotisoni, inayoshika nafasi ya ile homoni ya chumvi. Ukiambiwa robo ya kidonge, kikate, kisage katikati ya vijiko viwili, tia maji kidogo umpe hapo hapo, kisha suuza kijiko umpe na hayo maji, maana robo ni kitu kidogo, ikiganda kwa kijiko ushampunja. Usisage ya siku nzima ukaweka kwa chupa, dawa hutuama chini, asubuhi apata kidogo jioni apata nyingi.

Shangazi akisema steroidi zitamharibu mtoto, mwambie kwa adabu hapa twarudisha tu kile mwili haukutengeneza. Usiiache dawa ghafla hata siku moja.

Akishikwa na homa kila dozi ya haidrokotisoni huzidishwa iwe mara 2 au 3 ya ile ya kawaida mpaka apoe, muombe daktari akuandikie hesabu hiyo mapema kabla hajaugua. Akitapika ndani ya nusu saa mrudishie dozi, akitapika tena ni sindano ya haidrokotisoni: miligramu 25 chini ya miaka 3, 50 mpaka miaka 12, 100 kuanzia hapo, halafu mbio Coast General au hospitali iliyo karibu, usingoje kukuche. Omba ufundishwe kudunga pajani.

Joto letu hili la Januari jasho latoka na chumvi, kwa hivyo ukimuona ang'ang'ania embe la chumvi na pilipili usimgombeze, mwili wadai, ila mwambie daktari. Ramadhani akitaka kufunga na wenzake muone daktari kwanza, mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini.

Na kwa begi la shule tia karatasi yenye jina la ugonjwa, dozi na namba yako, mwalimu wa darasa aijue ilipo.