Kabla hujaunda taa ya tangi lako la samaki

Wengi wanaonifuata kuuliza habari za taa ya tangi la samaki hapa Mbeya huja na mkanda wa LED tayari uko mfukoni, umenunuliwa soko la Mwanjelwa, mara nyingine umeshakatwa. Wanachotaka ni kuambiwa waya mwekundu uende wapi. Hilo ni jambo la dakika tano. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo: kupima, kuamua, na kujua maji yatapita wapi. Haya namwandikia mtu ambaye bado hajatoa hela.

Chukua futi uanze na tangi. Tangi la mfano wangu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 35. Ukizidisha unapata lita 63, lakini hizo si lita za maji. Toa sentimita 5 za mchanga chini na 3 za nafasi juu, yanabaki maji ya lita 48 na kitu. Iandike namba hiyo mahali, maana hesabu ya mwanga itairudia.

Halafu jiulize nani ataishi chini ya taa. Samaki wenyewe hawahitaji mwanga mkali. Gapi na samaki wa dhahabu wanaishi vizuri kwa mwanga wa kawaida wa sebuleni, na taa hapo ni kwa ajili ya macho yako. Wanaoihitaji hasa ni mimea. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, na jamii ya kangaga inayoshikizwa kwenye jiwe au kipande cha mti, hukua polepole na huridhika na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10 hadi 20 kwa kila lita. Mimea inayokua haraka hutaka 20 hadi 40. Ukivuka hapo bila kuongeza mbolea na hewa ya kaboni, mimea hushindwa kuutumia mwanga uliozidi, na mwani ndio unaofaidi. Ndiyo sababu nasema mapema: katika tangi dogo, makosa mengi ya taa ni ya kuzidisha. Anayetaka kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa ana hesabu nyingine kidogo, kwani samaki hao kule kwao hula mwani unaoota juu ya miamba. Utando wa kijani kwenye mawe yao usiukimbilie na brashi.

Kabla ya duka, tazama dirisha. Mji wetu uko kusini mwa ikweta, takriban nyuzi 9, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Desemba huwa limeegemea kusini, Juni limehamia kaskazini. Dirisha linaloangalia mlima Loleza ambalo wakati wa Krismasi lilikuwa kivulini, Mei hadi Julai linaingiza jua moja kwa moja. Mtu ameweka tangi hapo Desemba, ameunda taa nzuri, na katikati ya mwaka maji yanakuwa ya kijani kama supu ya mchicha, kisha anailaumu taa. Lisogeze tangi kwenye ukuta usiopigwa na jua, ili mwanga wote ulio juu ya maji uwe ule unaoweza kuuzima kwa mkono wako.

Sasa mkanda. LED nyeupe tunayoiita nyeupe kwa kweli ni ya bluu ndani, imepakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa rangi nyingine, na jicho linachanganya zote likaona nyeupe. Ndiyo maana taa hizi zilichelewa mpaka LED ya bluu yenye nguvu ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwako wewe mnunuzi hii ina maana moja: unga ukiwa haba, mwanga unaelemea bluu. Tafuta mkanda ulioandikwa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) au karibu na hapo, ambao unafanana na mchana. Wa kelvini 3000 ni wa njano, samaki wataonekana kama wako kwenye chai. Mikanda ya rangi nyingi inayobadilika kwa rimoti iache kwa wenye saluni. Na usinunue kabla muuzaji hajaiwasha mbele yako, karibu na karatasi nyeupe.

Mkanda wa volti 12 wenye diodi, yaani vile vitaa vyake, kubwa 60 kwa mita huandikwa wati 14.4 kwa mita. Hukatwa kila baada ya diodi tatu, yaani kila sentimita 5, penye alama ya mkasi. Ukikata nje ya alama, diodi za kipande hicho haziwaki. Kwa tangi la mfano, vipande viwili vya sentimita 55 vinatosha, jumla mita 1.1, ambazo kwa maandishi ni wati 15.8. Gawa kwa volti 12 upate ampea 1.32, ongeza robo ili adapta isifanye kazi kwa jasho, unafika ampea 1.65. Nunua adapta ya ampea 2. Lakini mikanda ya bei nafuu haifiki kiasi kilichoandikwa. Mimi nilipopima wangu kwa mita ya fundi nilipata ampea 0.9, ambazo ni wati 11 hivi. Nikikadiria lumeni 80 kwa wati, nina lumeni kama 860, sawa na 18 kwa lita. Anubiasi wangu wanaendelea kutoa jani jipya chini ya mwanga huo, nami sijaongeza kipande cha tatu. Kwenye LUKU, wati 11 kwa saa nane kila siku hazifiki uniti 3 kwa mwezi.

Adapta ya king'amuzi kilichokufa inafaa, ila isome mgongoni. Tafuta volti 12 kwenye upande wa kutoa, kisha angalia alama iliyo karibu nayo: mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake ndio umeme unaoutaka, alama ya wimbi siyo. Adapta nyepesi mno, isiyo na jina wala maandishi yanayosomeka, usiiweke karibu na maji hata ukipewa bure.

Hapa kwenye unyevu naomba tukae kidogo, kwa sababu nyanda za juu zina shida yake. Usiku wa Julai chumba kinashuka chini ya nyuzi 15, na maji yenye hita yako kwenye 25. Mvuke unapanda, unakutana na kioo cha mfuniko kilichopoa, kioo kinatoka jasho. Matone yanaungana, yanateleza mpaka ukingoni, yanatafuta pa kuingia. Mtu wa Kyela hakutani sana na jambo hili, huku kwetu ni kila asubuhi ya baridi. Taa yangu ya kwanza niliifunga chini ya mfuniko, nikiamini mkanda uliovalishwa silikoni hauwezi kulowa. Nusu yake ilizimika kabla msimu wa baridi haujaisha. Nilipoufungua niliona pale nilipokata pamebaki wazi kama mdomo wa mrija, upana wa punje ya mchele. Maji yalikuwa yameingia hapo yakatambaa ndani ya silikoni, na vile vidoti viwili vya shaba vya kuungia waya vilikuwa vimegeuka kijani, unga mtupu. Nilipogusa kimoja kwa ncha ya kisu kilibanduka.

Kwa hiyo, kwanza panga taa ikae juu ya kioo cha mfuniko, wala si chini yake. Utapoteza sehemu ndogo ya mwanga, utapata miaka. Kioo kifutwe kila wiki, kwani chokaa inayoachwa na matone yanayoruka kutoka majini inakula mwanga kuliko kioo chenyewe. Pili, waya uunge kwa risasi ya solda badala ya vile vibanio vya plastiki vya kubana kwa vidole, kwa sababu vibanio hushika kutu. Tatu, ziba kila mwisho uliokatwa na kila kiungo. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: silikoni inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula shaba. Hiyo ni nzuri kwa kuunga vioo vya tangi, mradi haina dawa ya ukungu. Kwenye waya tumia ile isiyonuka siki. Ifungue dukani uinuse, hakuna ubaya.

Mkanda unahitaji pia mgongo wa kupoteza joto. LED haipati moto kama balbu ya zamani, ila joto lake liko nyuma, kwenye mkanda wenyewe, na likikosa njia linaufupisha umri wa taa. Usiubandike kwenye mbao. Paini ya Sao Hill ni nzuri kwa kabati la kuwekea tangi, ikipigwa vanishi vizuri, lakini mbao haipitishi joto, na juu ya maji inavimba. Aluminiamu ndiyo jibu, na mabaki yake yamejaa kwa mafundi wa madirisha. Nilikwenda kwa kijana mmoja pale Mafiati kuomba kipande.

"Mwalimu, hiki hakitoshi dirisha. Unakipeleka wapi?"

"Kwenye taa ya samaki, kijana wangu. Sentimita 62 tu."

Alikipima, akakikata, akapitisha tupa kwenye ncha zote mbili bila kuambiwa ili nisijikate, halafu akakataa hela. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa. Kipande hicho chenye kingo mbili ndicho kilichobeba mkanda mpaka leo. Kifute kwa spiriti kabla ya kubandika, gundi ya mkanda haishiki penye mafuta ya msumeno.

Sasa suala la uhai. Kwa upande wa taa, volti 12 ndizo tu zinazoruhusiwa kukaribia maji. Volti 230 zibaki ukutani. Adapta isikae juu ya tangi, wala kwenye mfuniko, wala chini ya tangi penye kuvuja. Itundike ukutani juu kuliko usawa wa maji, au pembeni kabisa. Na waya unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye soketi lazima ushuke chini kuliko soketi, halafu ndiyo upande kuingia. Tone linalotembea juu ya waya likifika kwenye mbonyeo huo linadondoka sakafuni. Bila mbonyeo, linaingia kwenye soketi. Hauhitaji kununua kitu, ni waya mrefu kidogo tu. Ekstensheni iliyolala sakafuni chini ya tangi iondoe leo hii, hata kama taa bado hujaiunda.

Mwombe pia fundi umeme mwenye leseni akague kama nyumba ina kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30, na kama waya wa ardhi umefungwa kweli. Hita na pampu ziko ndani ya maji na zinatumia volti 230, kwa hiyo kifaa hicho ni cha lazima hata kama taa yako ni salama. Na mkono usiingie kwenye maji mpaka plagi zote zimechomolewa. Si kuzima swichi. Kuchomoa. Kama nyumbani kuna watoto, wafundishe hilo kabla ya kuwafundisha majina ya samaki.

Wanaotumia sola wana mtego wao. Betri tunayoiita ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Mkanda ukifungwa moja kwa moja hapo unawaka kupita kiasi, unapata moto, na unachoka mapema. Weka kifaa cha kushusha na kutuliza volti kati ya betri na mkanda, pamoja na fyuzi karibu na betri. Umeme ukikatika, usihangaike na taa. Mimea inavumilia siku mbili za giza. Betri yako ipe pampu ya hewa. Na asitokee mtu akasema taa itasaidia kupasha maji: wati 11 za juu ya kioo hazipashi lita 48 usiku wa Mbeya. Hita ni hita.

Taima, kile kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe kwa saa, usiiache nje ya bajeti. Samaki hana kope, hawezi kufumba macho kulikwepa giza lililogeuka mwanga ghafla, hivyo washa taa ya chumba kwanza, ya tangi ifuate baadaye. Anza na saa sita kwa siku, kwa wiki tatu. Mwani usipojitokeza, ongeza nusu saa, na saa nane ziwe kikomo. Mkono wa binadamu husahau, leo taa inawaka kwa saa tano, kesho kumi na moja, na mwani hupenda sana usahaulifu huo.

Ikiisha kuungwa, taa isipande kwenye tangi siku hiyo hiyo. Iwashe juu ya meza jioni nzima, kwa muda wa saa nne au tano. Gusa aluminiamu kila baada ya nusu saa: uvuguvugu ni sawa, lakini ikikulazimu kuondoa mkono, punguza kipande au tafuta aluminiamu nene zaidi. Gusa na adapta. Kunja waya kidogo kwenye viungo uone kama kuna kinachopepesa. Asubuhi yake nyunyizia maji ncha zilizozibwa, taa ikiwa imechomolewa, ziache zikauke, chunguza kama kuna unyevu uliojipenyeza chini ya silikoni. Kama hakuna, andika tarehe kwa kalamu ya maki nyuma ya aluminiamu, kisha ipandishe.