Somo: Mbegu ya mpunga inayojaza gunia na inayolika nyumbani

Ndugu wakulima wa Igunga, Nzega na Uyui mkoani Tabora, kabla hamjanunua mbegu someni hatua hizi.

Hatua ya 1: Lijue jaruba lako, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta. Mvua zetu huanza Novemba na kufikia Aprili zinakatika. Supa, mbegu yetu ya zamani yenye harufu nzuri, hukaa sana shambani. SARO 5, mbegu iliyoboreshwa, hukomaa kwa takriban miezi minne. Jaruba linalowahi kukauka lipe mbegu ya muda mfupi.

Hatua ya 2: Jaribu padogo. Kila mbegu ipate kipande cha mita 5 kwa 5, miche ya umri mmoja, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, mbolea sawa. Supa uliyoizoea iwemo pia. Ukivuna, pima kilo na uzidishe kwa 160. Hayo ni makadirio ya ekari.

Hatua ya 3: Pika. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka mmoja nilipanda mbegu ya kusifiwa tu, magunia yakajaa, lakini watoto waliacha wali kwenye sahani na mpunga nikauuza kwa bei ya kutupa.

Koboa mpunga wote siku moja, kinu kimoja, uangalie upi unatoa chenga nyingi. Uwe umevunwa wakati mmoja, maana mpya hushikana na wa zamani huchambuka. Pima vikombe viwili viwili, maji sawa, chumvi tu. Mafuta na nazi huficha ladha. Waite mama lishe na akina mama wa jirani, usiwaambie upi ni upi. Wanuse mfuniko unapofunuliwa, waonje, kisha bakisha kiporo. Asubuhi wali mmoja utakuwa mgumu kama kokoto na mwingine bado laini. Hukumu ya kiporo naiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

MASWALI

Mwanachama, Nzega: Mwalimu, nikiimwagia Supa urea nyingi, haitazaa kama SARO?

Jibu: Hapana, kaka. Supa ni ndefu. Urea ikizidi inarefuka zaidi, upepo ukipiga inalala na punje zinaozea kwenye maji. SARO 5 ni fupi, inaibeba mbolea. Harufu yake tu ndiyo haifikii ya Supa.

Mwanachama, Igunga: Narudia SARO yangu mwaka wa nne, sasa kuna mirefu na mifupi. Imechoka?

Jibu: Imechanganyika, dada. Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa hiyo kutunza mbegu si kosa. Kosa ni kutong'oa mageni, yaani mipunga isiyofanana na mbegu uliyopanda, na kupigia mipunga tofauti kwenye turubai moja. Ikifika hapo nunua upya, mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mwanachama, Uyui: Mama yangu hataki kusikia kingine zaidi ya Supa.

Jibu: Muachie jaruba la bondeni, panapokaa maji, apande Supa yake. Siku ya kupika mkaribishe awe wa kwanza kuonja.