SOMO: Gari la bei nafuu la kila siku wakati GX100 yako iko juu ya mawe

Wakuu habari zenu. Wengi humu tuna Toyota Mark II GX100, Chaser au Altezza iliyolala kwa fundi ikisubiri injini, na kazini lazima tufike. Gari la pili lina kazi moja: kuupa mradi wako, yaani hilo gari lililoko kwa fundi, muda. Ukiwa na usafiri wa uhakika humharakishi fundi, wala hufungi spea feki ili mradi Jumatatu gari litoke gereji. Kwa hiyo tafuta gari lisilokusisimua hata kidogo.

Hatua ya 1: Tenga mifuko miwili. Fedha ya mradi isiguswe. Na fedha ya gari la kila siku usiimalize yote kwenye bei. Mwenye milioni nane atafute gari la milioni sita. Inayobaki ni ya oili na filta, plagi, brekipedi, betri, tairi, bima na kubadili umiliki.

Hatua ya 2: Chagua kwa kuangalia spea. Kabla ya kupenda gari, pita kwenye maduka ya spea ya Dar, Gerezani au Ilala, uulize bei ya shokapu, rejeta na taa ya mbele ya gari hilo. Mimi nashauri Toyota IST kuliko zote. Injini zake, 2NZ-FE ya cc 1,300 na 1NZ-FE ya cc 1,500, zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Hiyo 1NZ-FE imo pia kwenye Probox, Spacio, Runx na Allion za cc 1,500, ndiyo maana hakuna fundi asiyeijua. Vitz ya kwanza na Passo nazo zinafaa kama mizunguko yako ni ya mjini. Starlet na Corolla 110 ni ngumu na zinavumilia, ila zina mkanda: muuzaji asipoweza kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba utaubadilisha wewe.

Hatua ya 3: Kagua asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, ahirisha. Fungua kifuniko cha oili. Ute wa rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili. Washa, simama nyuma. Moshi wa bluu, linakula oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, linachoma maji ya rejeta. Swichi ikiwa ON kabla ya kupiga stata, taa ya chek injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiondoa ili usione kitu.

Kwa Dar kuna jambo la ziada: magari yaliyozama kwenye mafuriko. Haya yanasafishwa vizuri sana na harufu inafukizwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, utafute mstari wa matope. Pitisha mkono chini ya viti uguse reli kama zina kutu, kisha nyanyua tairi ya akiba uangalie shimo lake. Gari la namna hiyo liache hata likiuzwa nusu bei, kwa sababu waya zake zitakusumbua miaka yote.

Hatua ya 4: Karatasi. Namba ya chesisi isome kwenye bodi yenyewe, ilingane na kadi ya gari. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, na bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, umiliki ubadilishwe TRA mapema.

Hatua ya 5: Liache lilivyo. Hakuna rimu mpya, hakuna kulishusha, hakuna muziki mkubwa. Oili kwa wakati, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina Altezza ya mradi. Nikichukua Altezza nyingine ya kutembelea si nitapata spea za kubadilishana?
Hapana ndugu yangu. Siku koili ya mradi ikifa utang'oa ya gari unalotembelea, na kesho yake hakuna linalotembea. Chukua gari lisiloingiliana na mradi hata boliti moja.

Vitz ya 2005 kuendelea ipoje? Naambiwa giaboksi zake zinakufa.
Baadhi zina giaboksi ya CVT, yaani automatic isiyo na gia za hatua. Nyingi zinauawa na mtu aliyeweka hydraulic (oili ya giaboksi) ya automatic ya kawaida badala ya oili ya CVT. Uliza alichoweka. Kwenye majaribio panda mlima taratibu. Likitetemeka au injini ikipiga kelele bila gari kuongeza mwendo, achana nalo.

Niagize Japani au ninunue la hapa?
Kwa bajeti ndogo, la hapa. Gari lililofikisha miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa uchakavu, na hizi IST za kwanza ni za 2002 na kuendelea. Tafuta la mtu aliyekaa nalo muda mrefu, mwenye risiti za service.

Kilomita 90,000 kwenye IST ya 2003 ni kweli?
Dashibodi inarudishwa nyuma kirahisi. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Mpira wa pedali ukiwa umelika hadi chuma, hiyo namba usiihesabu kwenye bei.