Somo: Kutafuta makala kwenye kanzidata za maktaba ya chuo

Wadau mnaoandaa tasnifu hapa Mbeya, Iringa na Njombe, wengi mnaanzia Google, mnakutana na makala inayotaka dola, mnakata tamaa. Huenda chuo chako kinakupa makala hiyohiyo bure.

Hatua ya 1. Kabla ya kugusa kompyuta, andika swali lako kwenye karatasi. "Kilimo cha viazi" si swali. "Wakulima wa Njombe wanadhibitije ukungu wa viazi mviringo?" hilo ni swali. Toa maneno makuu, uyapate kwa Kiingereza maana makala nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo: "potato", "late blight", pamoja na jina la kitaalamu la kimelea, Phytophthora infestans.

Hatua ya 2. Mwone mkutubi, muulize chuo kimesajiliwa kwenye kanzidata zipi, yaani hifadhi za makala mtandaoni. Anza kuulizia Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zinazoendelea makala za utafiti bure au kwa bei nafuu. Ndani yake mna Hinari ya afya, iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo ya 2003, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria.

Hatua ya 3. Ndani ya kanzidata, fungua utafutaji wa kina (Advanced Search). Kisanduku cha kwanza andika "late blight" pamoja na alama za kunukuu, ili maneno yasitengane. Cha pili, potato. Cha tatu, Njombe OR Iringa OR "Southern Highlands" (Nyanda za Juu Kusini). Visanduku viunganishe kwa AND. AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza.

Hapo kwenye majina ya mahali pana jambo kubwa. Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, kwa hiyo makala ya 2005 inaweza kutaja Iringa tu. Mbozi nayo ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipokuwa mkoa, 2016. Ukiandika mkoa wa sasa peke yake, unaziacha tafiti za miaka mingi, na msimamizi atakuuliza mbona marejeo yako yote ni ya juzi. Weka mkoa wa zamani, wa sasa, na wilaya.

Hatua ya 4. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Ikikufaa, pakua, na palepale andika mwandishi, mwaka na jarida.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko field Makambako, chuo kiko Mbeya. Naingiaje?*
Baadhi ya kanzidata zinatambua mtandao wa chuo tu. Research4Life unaweza kuingia hata ukiwa nje ya chuo kwa nenosiri la chuo, mwombe mkutubi. Tafadhali usilirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, chuo kizima kinaweza kufungiwa.

*Nimepata ikisiri tu, makala yenyewe inauzwa.*
Usilipe, ndugu yangu. Nakili kichwa chake, kitafute Google Scholar, kisha fungua matoleo yote. Mara nyingi ipo nakala ya bure kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi. Ikikosekana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Baruapepe yake kwa kawaida ipo ukurasa wa kwanza.

*Nasoma diploma ya uuguzi. Na mimi naruhusiwa?*
Ndiyo, dada. Kinachosajiliwa ni chuo, na wanafunzi wake wote wamo. Kama chuo chenu bado, mkutubi ndiye wa kuomba usajili. Mfuateni kama darasa zima, msimwachie mtu mmoja.