Vifaranga wa klabu ya sayansi: Jumamosi nani ana ufunguo?

Walimu wa sayansi wanaokuja kwangu kuomba ushauri wa vifaranga huanza na bei, kisha chanjo, kisha chakula. Mimi huwauliza kwanza: Jumamosi nani ana ufunguo? Wengi hucheka. Baadaye hunyamaza, maana mlinzi hajui habari ya kuku, mwalimu mwenyewe anakaa mbali na shule, na likizo ya Juni imekaribia. Kifaranga hajui kengele ya Ijumaa.

Shule moja niliyoitwa ilikuwa na vifaranga 20 wa chotara. Klabu iliwagawa makundi mawili: 10 walikula chakula cha vifaranga cha dukani, na 10 walikula pumba tupu ya mahindi, "ili tofauti ionekane." Nilifika wiki ya nne, na tofauti ilionekana kweli. Wale wa pumba walikuwa wadogo, manyoya yamesimama, mabawa yamening'inia. Wawili hawakuweza tena kusimama; walikuwa wamekalia magoti, wakijikokota kwa mabawa kwenda kwenye chombo cha maji. Pembeni binti mmoja alikuwa akiwapima uzito na kujaza jedwali lililopigwa rula vizuri kabisa. Nilimsifu kwa jedwali. Lakini kila alichojaza kilijulikana kabla kifaranga hajanunuliwa: asiyepata protini na madini hakui, na mifupa yake haikomai. Hilo halikuwa jaribio, ilikuwa njaa iliyofunguliwa daftari.

Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kuku naye yumo. Ila hata bila sheria, jaribio linalohitaji kumnyima kuku chakula au maji ni jaribio la kivivu. Yapo mengi mazuri. Pima mayai kabla ya kuyatotolesha, yaandike namba kwa penseli, uyapime tena kila baada ya siku chache. Yai la gramu 50 likifika siku ya 18 huwa limebaki na gramu kama 44. Waulize wanafunzi gramu 6 zimekwenda wapi, na hapo somo la vinyweleo vya ganda, vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke, linajifundisha lenyewe. Siku ya 7 funga madirisha, weka yai juu ya tochi: mishipa myembamba itaonekana imetawanyika kama utando wa buibui, na lile lisilo na kitu litang'aa tupu. Nimeona darasa la watoto 60 likinyamaza kimya kwa ajili hiyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kumuuliza kuku mwenyewe. Tandika maranda upande mmoja wa banda na pumba za mpunga upande wa pili, chakula na maji viwe katikati, kisha kila nusu saa hesabu wangapi wako wapi. Siku inayofuata badilisha pande, ili usije ukapima mwanga wa dirisha ukadhani unapima maranda. Hakuna anayeumia, na jibu halimo kitabuni.

Kama lazima mlinganishe vyakula, basi vyote viwili viwe kamili: cha dukani, na mtakachochanganya wenyewe kwa mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na madini, baada ya afisa mifugo wa kata kukagua fomula. Kubalianeni mapema kwamba kundi likianza kudhoofika, jaribio linasimama siku hiyohiyo. Hiyo nayo iandikwe kama matokeo.

Kuhusu kalenda, yai la kuku huchukua siku 21. Ukiyaweka mayai kwenye mashine ya kutotolesha Jumanne, yataanguliwa Jumanne. Yanageuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kwa hiyo kuna wikiendi mbili nzima ambazo mtu lazima awepo, na ya tatu ni ya kuangalia maji na joto, ambalo kwa mashine yenye feni ni nyuzi 37.5. Umeme ukikatika, msifungue mashine kuchungulia. Ifunikeni blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Kama umeme wenu ni wa kusuasua, tafuteni mtetea anayeatamia, mumpe mayai 10 kwenye kona yenye utulivu. Anajua kugeuza kuliko sisi.

Kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe husema zaidi. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia kingo, midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijibana upande mmoja tu, tafuta upepo unakopenya. Zungushia ukuta wa boksi uwe duara; kwenye kona hulaliana wakafa. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa vifaranga na kwa mtoto aliyetumwa kuwatazama.

Kifaranga mmoja peke yake asifugwe, hata kama bajeti ni ndogo. Wawe watatu au zaidi. Mtoto anayemshika akae chini, atumie mikono miwili, dakika chache tu, kisha anawe kwa sabuni, kwa sababu hata kuku mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Chanjo ya mdondo (kideri) ni siku ya 7 na ya 21, ya Gumboro, ugonjwa unaodhoofisha kinga ya vifaranga, siku ya 14 na ya 28, ndui baadaye; ratiba kamili mtapewa na mtaalamu wenu.

Kisha kuna jambo ambalo walimu hulikwepa. Karibu nusu ya vifaranga watakuwa majogoo. Mitetea itagombewa, kila mzazi atamtaka mmoja. Majogoo je? Amueni kabla ya kununua, na wanafunzi waambiwe siku ya kwanza. Watoto wetu hawashangai kuku kuchinjwa. Wanachoshangaa ni kukuta banda tupu Jumatatu na mwalimu anababaisha. Kama mtawachinja, achinje mtu mzima mwenye kisu kikali na mkono uliozoea, mbali na kuku wengine. Shule nyingi humwita Mwislamu ili wote wale. Asiyetaka kutazama asilazimishwe, na asiyetaka kula apewe maharage.