Unalea vijana kanisani Bagamoyo? Anza na sita, maspika achana nayo

Wengi wakipewa uongozi wa vijana kitu cha kwanza wanawaza tamasha. Hata mi nilianza hivyo, tukakodi maspika na kinanda, hela ya mwaka mzima ikaishia hapo, vijana wakajaa mpaka madirishani, jumapili iliyofuata nahesabu 11 na wawili kati yao wamekuja kudai hela ya kubeba viti. Kwa hiyo haya yametoka kwenye hasara.

Chukua vijana 6 au 7 tu, msome Injili ya Marko, fupi, sura 16, kila wiki moja, miezi minne hivi mmemaliza. Usihubiri. Uliza hapa umeona nini halafu nyamaza, na hapo pa kunyamaza ndo pagumu maana walezi tunapenda sana kujibu. Tulipofika sura ya 4, ile dhoruba, Yesu amelala kwenye shetri, binti mmoja akauliza shetri ndo nini, mi nababaika, kijana mmoja mvuvi aliyekuwa anakaa mlangoni siku zote kisa eti ananuka samaki akasema hiyo ni tezi, kule nyuma kwa mshika usukani, na chombo kikiwa kinaingiza maji pale hapalaliki, huyo aidha kachoka sana au hana wasi kabisa. Tukakaa hapo saa nzima! Wiki iliyofuata nikamwambia aongoze yeye. Usisubiri mtu aive ndo umpe kazi, ataivia humohumo.

Ratiba ipange kwa kuangalia mwezi wa angani. Wanaovua dagaa kwa taa wanaingia baharini kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, basi mkesha wako weka hapo, ukiuweka mwezi umeandama utakesha na wanakwaya peke yao.

Siku moja wapeleke pale misheni ya zamani, wanapita kila siku wanadhani ni pa watalii. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakalea watoto waliokombolewa utumwani, na Februari 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi mzungu, ukafikishwa hapo na watumishi wake kina Chuma na Susi, safari ya miezi kibao kwa miguu. Waulize tu, nyie mngeubeba? Utashangaa majibu.

Mambo madogo lakini usiyapuuze: wazazi wajue mnakutana wapi na saa ngapi, mlezi asijifungie chumbani na kijana mmoja, wawepo watu wazima wawili. Na kusema vibaya dini ya majirani marufuku, hao vijana nusu ya ndugu zao ni Waislamu.

Kuna siku mmoja atauliza mbona niliomba na mama hakupona. Usimrukie na mistari. Mi nilisema sijui mdogo wangu, tukakaa kimya, baadae nikaenda naye kwao tukala ugali.

Kijana asipoonekana wiki mbili, meseji haitoshi, mfuate pwani asubuhi vyombo vikirudi, ila nenda na mia tano tano za chai maana hutamkuta peke yake.